Walivyohamisha laini yangu wakakopa kwa jina langu

Mtu akikuibia simu unajua umeibiwa, mkono unaingia mfukoni haukuti kitu. Akikuibia jina hujui. Unaendelea kuitwa unaitika, unasaini makaratasi yako kama kawaida, kumbe kuna mtu naye analitumia muda huohuo, anasaini vilevile, anakopa, na siku unayokuja kushtuka mdaiwa ni wewe na yeye hajulikani alipo. Mimi yamenikuta. Na kwa kuwa kila nikisimulia naulizwa maswali yaleyale, ilianzaje, ulijuaje, ulifanyaje mpaka wakakuamini, nimeona niandike yote sehemu moja, hasa hilo swali la mwisho manake ndo lilinitoa jasho na ndo watu hawalisemi.

Ilianza na mtandao kukata. Simu ikaandika hakuna huduma, nikajua ni mtandao tu unasumbua, nikazima nikawasha, nikatoa laini nikaifuta nikairudisha, wapi. Mdogo wangu tuko naye mtandao mmoja na yeye anachati zake vizuri tu. Nikamwambia hebu nipigie. Akapiga, akaweka spika, namba ikaita. Simu yangu naiangalia ipo mezani kioo cheusi, na namba yangu inaita kwenye spika ya mwenzangu, ikaita weee, halafu ikakatwa. Haikukatika yenyewe, kuna mtu aliikata. Mdogo wangu akaniangalia akasema, "Dada, hiyo laini ina mtu."

Kwaiyo hapo chukua hiki kabla hatujaendelea: simu ikipoteza mtandao ghafla na wenzako wa mtandao huohuo wako sawa, jipigie kwa simu nyingine. Ukiambiwa haipatikani yaweza kuwa hitilafu ya kawaida, ingawa bado fuatilia. Ikiita wakati ya kwako haina hata mstari mmoja wa mtandao, namba yako iko kwa mtu na hapo usisubiri kesho asubuhi.

Wizi wenyewe hauna uchawi wowote. Mtu anaenda kwa wakala, au anaelewana na mtu wa ndani, anasema laini yangu imepotea naomba nyingine, anatoa kitambulisho chenye majina yako na tarehe yako ya kuzaliwa na picha yake yeye, wanaihamishia namba kwenye kadi mpya, na muda huohuo kadi iliyo kwenye simu yako inakufa. Hajagusa simu yako, hajakutumia linki, hujabonyeza kitu. Ndo maana huwa nakereka mtu akisikia stori hii anaanza na "ulibonyeza nini?" Sikubonyeza. Jack Dorsey, wakati huo ndo bosi wa Twitter yenyewe, Agosti 2019 walimchukulia namba yake ya simu, wakatuma meseji kutoka kwenye namba ile na matusi yakatokea kwenye akaunti yake kana kwamba ameandika yeye, kwenye mtandao aliokuwa anauongoza mwenyewe. Sasa mimi na wewe ni nani.

Kopi ya kitambulisho changu ilitoka wapi sijui mpaka leo na nimeacha kutafuta. Nilipoteza muda mwingi mwanzoni nikikumbuka kila sehemu niliyowahi kuacha kopi, maombi ya kazi, kusajili vitu, kupanga nyumba, hoteli, ukianza kuhesabu unachoka. Na hata ungekuwa mchoyo wa kopi kiasi gani, taarifa zako ziko kwa watu ambao hujawahi kuonana nao. Mwaka 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani, ambayo kazi yake ni kutunza historia za mikopo za watu, iliibiwa taarifa za watu kama milioni 147, majina, tarehe za kuzaliwa, namba za utambulisho, na wengi wao hata walikuwa hawajui kama kampuni hiyo ina taarifa zao. Kwaiyo swali la zilivujaje liache lipite. Swali ni zikishavuja mtu anaweza kufanya nazo nini, na wewe unamzibia wapi.

Turudi kwenye siku yenyewe. Mwizi hataki kukupigia simu, anataka meseji zako. Akishakuwa na namba anaenda kwenye barua pepe yako anabonyeza "umesahau paswedi", barua pepe inatuma namba sita za kuthibitisha kwenye simu, simu ndo anayo yeye, anaweka paswedi mpya, ameingia. Akishakuwa kwenye barua pepe hana haja ya kubahatisha tena, anasoma tu humo ndani una akaunti wapi na wapi, anakwenda moja baada ya nyingine "umesahau paswedi, umesahau paswedi", na majibu yote yanakuja kwake. Yani namba inafungua barua pepe, barua pepe inafungua vingine vyote. Ukilielewa hilo unajua pia pa kukimbilia kwanza.

Mimi nilisalimika kwa sababu ya kompyuta. Barua pepe yangu ilikuwa wazi kwenye kompyuta na bado haijanitoa, na nilipofungua nikakuta ujumbe kwamba paswedi imeombwa kubadilishwa, yani jamaa alikuwa kazini muda uleule. Nikaingia kwenye setingi za usalama, na jambo la kwanza sikubadili paswedi, nilitoa namba ya simu kwenye njia za kurejesha akaunti. Utaratibu huo una maana yake: ukibadili paswedi huku namba bado imeunganishwa, yeye anabonyeza tena umesahau paswedi na anakutoa. Toa namba kwanza, weka barua pepe nyingine unayoimiliki, halafu badili paswedi, halafu tafuta pale pameandikwa vifaa vilivyoingia kwenye akaunti, toa vyote usivyovijua. Hicho cha mwisho watu wanakisahau, kuna huduma ambazo ukibadili paswedi kifaa kilichokwisha kuingia kinaweza kubaki humohumo ndani.

Wakati mimi nahangaika na kompyuta mdogo wangu yuko kwenye simu na kastama kea ya mtandao wa simu. Nilichomwambia awaambie ni kimoja, wafunge namba. Wasianze kuchunguza, wasianze kuuliza ilikuwaje, wafunge kwanza isipokee wala kutuma, maswali baadae. Yule dada wa upande wa pili alikuwa mstaarabu ila akawa anarudia, "Kwenye mfumo naona mteja mwenyewe alifika na kitambulisho." Nikachukua simu nikamwambia, "Dada yangu, mteja mwenyewe ndo mimi naongea na wewe, naomba ifunge kisha nikuletee huyo mwenyewe na kitambulisho halisi." Ikafungwa. Hapo katikati benki nayo nikaipigia wakazuia miamala yote. Kwenye kuzuia usione aibu kuzuia hata visivyoguswa, kufungua tena ni usumbufu mdogo.

WhatsApp ilishaenda. Aliisajili kwenye simu yake, mimi ikanitoa. Meseji za zamani haoni, hizo zinabaki kwenye simu yako, lakini makundi yote anajikuta yumo na zinazoingia kuanzia hapo anazisoma. Huyu alikuwa na subira. Alikaa kwenye kundi la familia anasoma watu wanavyoitana, akamuona shangazi anavyoitwa, akamfuata pembeni, "Shikamoo shangazi, nimepata dharura naomba uniazime, kesho asubuhi narudisha." Shangazi akatuma. Nilipompata kwa simu ya mdogo wangu akasema, "Mwanangu mimi ningejuaje, amenisalimia vizuri kuliko unavyonisalimia wewe." Tulicheka baadae sana, siku hiyo hakuna aliyecheka.

Dawa ya hapo ni ukishapata namba yako unaisajili upya WhatsApp kwenye simu yako, yeye inamtoa. Shida inakuja kama mwizi amewahi kuweka ile pini ya hatua ya pili, yani namba ya siri ya ziada inayoulizwa ukiisajili WhatsApp upya, manake hapo usipoijua unasubirishwa siku 7 ndo uingie bila pini. Ila hata wakati unasubiri, yeye ameshatoka. Na kama ungekuwa umeiweka wewe mapema, anayesubirishwa siku 7 ni yeye. Dakika moja kwenye setingi, ndugu yangu, na uweke na barua pepe pale wanapoomba ili ukiisahau uweze kuirejesha.

Laini nilirudishiwa. Nikadhani yameisha, kumbe hata hayajaanza.

Baada ya muda zikaanza simu za madai. Kijana mmoja mwenye sauti ya upole, "Habari za asubuhi dada, nakukumbusha marejesho yako." Marejesho gani? Akanitajia mkopo, tarehe, majina yangu kamili mpaka la babu. Nikamwambia sijakopa kwenu, nimeibiwa laini. Akasema anaelewa kabisa, wateja wengi wanasema hivyo, ila nikilipa hata kidogo tu leo atanisaidia kusimamisha riba. Usilipe hicho kidogo. Najua unataka simu ziishe, najua wanapigia mpaka watu wako wa karibu na unaona fedheha, lakini sehemu nyingi kulipa sehemu ya deni kunachukuliwa kwamba umelikubali, na ukishalikubali hoja yako yote imekufa kwa mkono wako. Nilimjibu, "Kaka, sitalipa na sibishani na wewe maana wewe uko kazini. Nipe barua pepe ya ofisi inayoshughulika na malalamiko, nawaandikia leo." Na kuanzia hapo sikujadili deni kwa simu na mtu yeyote. Kwenye simu hakuna kinachobaki, anayesema "tumekuelewa" leo kesho hayupo zamu.

Sasa hapa ndo penyewe. Jinsi ya kumfanya mtu aamini kwamba wewe sio wewe.

Nilianza kama wengi wanavyoanza, naeleza. Naeleza kwa uchungu, naeleza mimi ni mtu wa namna gani, sijawahi kukopa mtandaoni, muulizeni yeyote. Hayo hayamsaidii anayekusikiliza, hata tapeli anaweza kuyasema, na kweli yapo matapeli wanaokopa halafu wanasema waliibiwa laini. Mtu wa ofisi ya mikopo anahitaji karatasi atakayoiweka kwenye faili ili bosi wake akiuliza kwa nini umefuta deni aonyeshe. Nilipoelewa kwamba kazi yangu ni kumpa karatasi hiyo, mambo yakabadilika.

Karatasi yenyewe ni ya kuonyesha saa na tarehe. Nilirudi kwenye kampuni ya simu nikaomba barua, sio maelezo ya mdomo, barua yenye muhuri, inayosema namba hii ilihamishiwa kadi nyingine tarehe fulani saa fulani dakika fulani, na ikarudishwa kwa mwenyewe tarehe fulani saa fulani. Walisita. Walikuwa tayari kuandika kwamba "mteja alipata changamoto ya huduma". Nikawaambia mimi siombi mseme nani ana kosa, naomba nyakati mbili tu, namba ilipotoka na iliporudi, hizo ziko kwenye mfumo wenu. Nilikwenda na kurudi mpaka mlinzi akawa ananisalimia kwa jina, lakini nikaipata, na nakuambia barua hiyo ilifanya kazi kuliko kila nilichosema kwa mdomo. Manake kuanzia hapo hoja yangu kwa kila mtu ilikuwa moja: kila kilichofanyika kwa namba hii kati ya saa ile na saa ile sio mimi, na anayesema hivyo sio mimi, ni wenye mtandao.

Polisi vilevile. Usiende ukitegemea watamkamata mtu, nenda kwa ajili ya namba ya taarifa, maana mabenki na wakopeshaji wanaiomba. Na angalia kinachoandikwa. Afande aliyenipokea aliuliza, "Umepoteza nini?" nikasema sijapoteza kitu afande, namba yangu imehamishwa, akaandika "amepoteza laini ya simu". Nikamuomba kwa heshima zote abadilishe, manake ikisomeka nimepoteza, mkopeshaji atasema uzembe wako. Alinung'unika kidogo, akauliza kwaiyo tuandikeje, nikamsomea nilivyokuwa nimeiandika kwenye karatasi kabla sijaingia: namba ilihamishiwa kadi nyingine bila ridhaa ya mmiliki kwa kutumia kitambulisho kisicho chake, tarehe na saa. Akaandika hivyohivyo. Ukienda nenda na sentensi yako tayari.

Halafu ndo unawaandikia wakopeshaji. Usiandike insha. Mimi barua yangu ilisema sijaomba mkopo huu, nimeambatanisha barua ya mtandao wa simu na taarifa ya polisi, naomba msimamishe madai wakati mnachunguza, na naomba mnipe vifuatavyo, fomu ya maombi au kumbukumbu zake, kitambulisho na picha iliyotumika, kifaa kilichotumika kuomba, saa ya maombi, na pesa ziliingia wapi na zikatoka kwenda wapi. Hayo maswali yanafanya kazi mbili. Kwanza ni ushahidi wako, mimi mkopeshaji mmoja alinitumia picha ya uso iliyopigwa wakati wa kuomba, na ni mwanaume, mwenye ndevu, kwa jina langu la kike, nikaangalia ile picha muda mrefu nikiwaza mfumo gani ulipitisha hii. Pili yanawaonyesha kwamba unajua unachofanya, na wengine wakishaona hivyo wanafuta bila hata kujibu maswali.

Wakikubali kufuta usiondoke na "tumeshafuta". Dai barua ya kuthibitisha hudaiwi na kwamba watapeleka marekebisho kwenye taasisi ya taarifa za mikopo. Kuna deni linafutwa kwa mkopeshaji lakini huku kwenye historia yako ya mikopo linabaki limeandikwa hujalipa, na utakuja kuliona siku unaomba mkopo wako halali unakataliwa. Nchi nyingi zina hizi taasisi na nyingi zinakupa haki ya kuomba ripoti yako mwenyewe na kupinga kilichokosewa. Ombeni hiyo ripoti jamani hata kama hujaibiwa, mimi humo nilikuta mkopo ambao hata simu ya madai haijawahi kunifikia, ungebaki humo unanisubiri. Marekani wao wameenda mbali zaidi, tangu Septemba 2018 mtu anaruhusiwa kufungia historia yake ya mikopo bure, mkopeshaji mpya akitaka kuitazama hapati kitu mpaka mwenyewe afungue. Kama nchi yako ina kitu cha namna hiyo au hata alama ya tahadhari tu ya kuwekwa kwenye faili lako, weka, na usisubiri uibiwe.

Na kila ukienda mahali, daftari. Tarehe, saa, uliongea na nani, alisema nini, namba ya malalamiko. Langu lilikuwa la kawaida la shule, limechakaa, lakini ofisini ukimwambia mtu "tarehe fulani saa nne na nusu mwenzako alinipa namba hii ya malalamiko" anakaa vizuri kwenye kiti.

Jambo jingine la kukera. Nilipowatangazia watu kwamba namba yangu imeibiwa wasitume pesa, zikaanza kuja meseji za wataalamu. Mimi ni haka (hacker), nitakurudishia akaunti, nitakuonyesha mwizi alipo, tanguliza kidogo ya programu. Hao ni wezi wa zamu ya pili, wanazunguka wakitafuta watu waliotoka kuibiwa maana wanajua umechanganyikiwa. Hakuna mtu wa pembeni anayeweza kukurudishia akaunti, anayeweza ni mwenye huduma peke yake.

Sasa baada ya hapo nikabadilisha nini. Kikubwa nimeitoa namba ya simu kwenye kazi ya kunitambulisha kila inapowezekana. Badala ya namba sita zinazokuja kwa meseji natumia apu inayozitengeneza ndani ya simu yenyewe, zinabadilika kila baada ya sekunde 30, hazipiti kwenye mtandao wa simu kwaiyo mtu akihamisha laini hapati kitu. Sio wazo langu, NIST, ile taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2017 iliziweka namba zinazotumwa kwa meseji kwenye kundi la njia za kutumiwa kwa tahadhari. Mwongozo huohuo ulisema pia watu wasilazimishwe kubadili paswedi kila baada ya muda bila sababu, manake wanachofanya ni kuongeza 1 mwishoni, na nilifurahi sana kuona hilo limeandikwa na wakubwa. Paswedi moja ndefu kwa kila akaunti, zitunzwe kwenye apu ya kutunza paswedi, basi. Ila ukiweka apu ya namba sita chukua zile namba za akiba wanazokupa, Google kwa mfano wanatoa 10, kila moja inatumika mara moja, ziandike kwenye karatasi uhifadhi na vyeti vyako. Simu ikiibiwa na hukuziandika utajifungia nje mwenyewe na mwizi hayupo.

Zipo huduma zinazong'ang'ania meseji tu, benki nyingi hasa. Kwa hizo nina laini nyingine ambayo hakuna anayeijua, haipo WhatsApp, haijaandikwa popote, na barua pepe nyingine pia kwa ajili ya pesa tu. Mwizi hawezi kuhamisha namba asiyoijua. Na laini ya kila siku nimeiwekea pini yake yenyewe ya kadi, ile inayoulizwa simu ikiwashwa. Hiyo haizuii kuhamishiwa, tusidanganyane, inazuia mtu aliyeiba simu kutoa kadi yako na kuitia kwenye simu yake apokee meseji. Akikosea mara 3 kadi inaomba PUK, yani namba ya kuifungulia, na PUK ikikosewa mara 10 kadi inakufa kabisa, kwaiyo PUK yako iandike sehemu kabla hujaanza kucheza nayo.

Maswali ya usalama, jina la shule ya kwanza, mlikutana wapi na mwenzio, mimi najibu uongo. Mwaka 2008 Sarah Palin akiwa mgombea mwenza wa urais Marekani, kijana mmoja aliingia kwenye barua pepe yake ya Yahoo kwa kujibu maswali hayo, majibu yote alikuta mtandaoni. Kama majibu yako ndugu zako wanayajua basi hiyo sio siri. Shule yangu ya kwanza kwa sasa ni sentensi isiyo na maana iliyohifadhiwa pamoja na paswedi zangu.

Kopi za kitambulisho. Hapa nimekuwa msumbufu na sijali. Kabla sijatoa kopi mahali popote nachukua kalamu naandika juu yake kwa mshazari, herufi zikipita juu ya maandishi na ukingo wa picha bila kuficha jina, "kwa ajili ya maombi ya kazi tu", jina la ofisi na tarehe. Yule wa dirishani kwanza ananitazama, mmoja akasema "dada unaharibu kopi", nikamwambia siharibu, namba inasomeka na picha inaonekana, ila haitaenda kusajilia laini. Akacheka, mwisho akaipokea. Za kutuma kwa simu naandika kwenye picha vilevile kabla sijatuma, halafu naifuta kwenye simu, maana picha ya kitambulisho inakaa kwenye galari miaka na anayeokota simu anaikuta. Na nikiulizwa kitambulisho kwa kitu kisichohitaji kitambulisho nauliza mnaenda kukifanyia nini. Mara nyingi hawajui. Wanakuomba kwa kuwa fomu ina hicho kisanduku.

Ukiacha namba ya simu, usiiache tu ikafa. Makampuni yanaigawa kwa mtu mwingine baada ya muda, na huyo bila hata kuwa mwizi anajikuta anapokea meseji za akaunti zako. Pita kwanza kila sehemu uliyoiunganisha uitoe. Kuna tovuti inaitwa Have I Been Pwned, aliianzisha Troy Hunt wa Australia mwaka 2013, unaweka barua pepe yako inakuambia imeonekana kwenye wizi gani wa taarifa, yangu imeonekana mara kadhaa, nzuri ya kukukumbusha paswedi gani za zamani uzizike.

Madeni yote yamefutwa isipokuwa moja. Mkopeshaji yule alinijibu kwamba amefuta, barua ninayo, lakini nimeomba ripoti yangu ya mikopo tena juzi na deni bado limo. Nimewaandikia, safari hii nakala nimepeleka kwa mamlaka inayowapa leseni na nyingine kwa taasisi ya taarifa za mikopo yenyewe, nimeambatanisha barua yao wenyewe pamoja na ile ya mtandao wa simu. Wamejibu wamepokea, wakanipa namba ya malalamiko. Iko kwenye daftari.